Mbwa aliyeogopa mtu akiinama: yaliyonipata kwa shelter ya Kitale

Wakuu, habari za mchana. Hii ni yangu mwenyewe, sijaisikia kwa binamu wala kwa grupu ya kanisa. Mwenye hataki kuamini aje mtaani kwangu Matisi anione, sweta bado imejaa manyoya ya mbwa.

Nafanya kazi kwa hardware hapa Kitale. Mwaka jana bosi alinituma nipeleke waya ya kuku kwa shelter ya mbwa. Anayeisimamia ni daktari wa mifugo anaitwa Nanjala. Nikashusha waya, akaniambia, "Kaka, nishikie huyu dakika moja tu." Akanipa mbwa na kamba yake, akaenda.

Wakuu, hiyo dakika haijaisha hadi leo. Kila Jumamosi nikitoka job niko huko.

Mbwa mwenyewe alikuwa anaitwa Katibu. Rangi ya udongo, sikio moja limesimama, lingine limelala. Jina alipewa kwa sababu mgeni akiingia, anakaa mbele yake na kumkazia macho kama anataka kumwandika kwa kitabu. Nilimpenda siku hiyo hiyo, na sioni haya kusema.

Basi nikainama kufunga kiatu.

Katibu alichomoka na kamba yake, tukampata nyuma ya tangi la maji akitetemeka mwili mzima. Nikamuuliza Nanjala nimefanya nini.

"Umeinama," akasema. "Huyu alikulia sokoni. Kwake mtu akiinama anaokota jiwe."

Si ni vile sisi wote tunafanya? Mbwa akikujia njiani unainama, hata kama hakuna jiwe, anatoroka, unaenda zako ukijiona mjanja. Nimefanya hivyo tangu nikiwa nursery. Niliskia vibaya kabisa.

Sasa shida ilikuwa hii. Huku kwetu wengi wanaochukua mbwa ni wakulima, na mkulima anainama kutoka asubuhi mpaka jioni.

Mzee mmoja wa Kachibora, Baba Njoki, alimchukua Katibu. Tukafurahi, tukapiga picha. Siku ya tatu huyo amerudi na boda, Katibu amefinywa katikati yake na dereva.

"Vijana, mbwa ni mzuri," akasema. "Lakini mama akiinama kuchuma sukuma, huyu anatoroka, tunamtafuta mpaka kwa jirani wa tatu. Tumechoka kutafuta."

Mzee hakuwa na ubaya. Lakini Katibu alipoona geti yetu alikataa kushuka, ikabidi nimbebe. Siku hiyo nililala bila kukula. Nanjala aliniambia ukweli: akirudishwa mara ya pili hatampeana tena, atazeekea hapo ndani.

Nikaamua nitainama.

Nilikuwa naweka omena, wale dagaa wakavu, mfukoni. Naingia, nainama, naacha omena chini, naenda kando. Nainama tena. Mwanzoni alikuwa anangoja nifike mbali kabisa ndio aje kuokota. Nikaongeza jioni za katikati ya wiki. Mgongo ukauma. Jirani wa plot akaanza kuuliza mbona nanuka omena na sifugi paka. Mama wa duka iliyo kando ya shelter alikuja polepole kuniuliza kama nimepoteza pete ya ndoa, ati anisaidie kutafuta. Mimi hata bibi sina.

Halafu siku moja nikainama, na kitu baridi ikagusa mkono wangu.

Pua. Katibu amefika kabla omena iguse chini.

Nilipiga nduru mpaka mbwa wote wakaanza kubweka. Nanjala akatoka mbio na sindano mkononi akidhani nimeumwa. Nilipomwonyesha, tukacheza hapo hapo, mimi, yeye na sindano.

Mwezi uliofuata akaja Mama Simiyu kutoka Bumula, kule Bungoma, mkulima wa karanga. Nilimweleza kila kitu, akasema sawa, akaenda na Katibu. Nilipunga mkono nikitabasamu mpaka gari ikapotea, halafu nikaingia stoo nikalia.

Wiki mbili nilikuwa naogopa simu. Ikilia tu, najua ni Mama Simiyu anamrudisha. Jumamosi ya tatu nikaomba off, nikaenda Bumula bila kualikwa.

Niliwapata shambani watu watano, wote wameinama wanang'oa karanga. Katibu haonekani. Nikajua tayari ametoroka.

Kumbe amefichwa na majani. Alikuwa anatoka kwa mtu mmoja hadi mwingine, anaingiza pua kwa kila mkono ulio chini. Huyu akimfukuza, anaenda kwa yule.

"Khane, kumbe ni wewe," Mama Simiyu akasema, akanyoosha mgongo. "Ulifundisha huyu nini? Hapa mtu hawezi inama kwa amani. Karanga yangu ataimaliza."

Nikasema na sauti ndogo, "Mama, kama anasumbua, naweza rudi na yeye."

Aliniangalia vile mtu anaangalia mwizi. "Urudi na nani? Rudi na miguu yako vile ulikuja."

Akainama akaendelea na kazi. Katibu akaweka kichwa chini ya mkono wake, na mama akampa karanga bila hata kumwangalia.

Usidhani alinisahau. Alinilamba mpaka ndani ya sikio. Lakini nilipoaga, alinisindikiza hadi mwisho wa shamba, akasimama. Nikamwita. Akaniangalia kidogo, akageuka, akarudi kwa mama yake.

Nilicheka njia yote hadi Kitale huku machozi yanatoka, na mtu wa kando yangu kwa matatu akanipa tishu na kunipa pole ya msiba.

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba kazi hii ukiiweza, mbwa anakuacha. Inauma, na sijawahi kuwa na furaha kama hiyo.

Wenye mmewahi kuachwa hivyo, niambieni mlifanyaje. Nauliza kwa sababu juzi Nanjala amenikabidhi mwingine, anaogopa miavuli, na huku kwetu mvua ndio imeanza.