Kidole cha Aliyepiga Nduru

Wiki niliyohamia ploti ya vyumba vya kupanga kule Mwihoko, mama wa nyumba ya pili alipiga nduru mchana kweupe na ploti nzima ikatoka mbio. Mmoja alitoka na mwiko wenye ugali, mwingine na nyundo, mwingine na taulo kiunoni na povu masikioni. Mimi nilifunga mlango, nikasukuma meza nyuma yake, nikaingia chini ya kitanda.

Kelele zilipoisha nilitoka. Kando ya karo la kufulia alilala mwanamume aliyejaribu kuondoka na mtungi wa gesi wa yule mama. Mdomo ulikuwa umepasuka hadi shavuni, na mkono mmoja umejipinda mahali ambapo mkono hauna kiungo. Mama mwenyewe, ambaye alikuwa anauza mboga pale langoni, alikuwa anamwaga maji kuosha damu huku akilalamika kwamba maji ya mfereji hayaji kila siku.

"Madam, wewe ulikuwa wapi?" akaniuliza. Walishajua kwamba ninafundisha Kifaransa katika shule moja kule Juja.

"Chini ya kitanda."

Walicheka mpaka fundi wa kuchomelea wa nyumba ya kwanza akajishika mbavu. Yeye ndiye aliyenieleza sheria ya mahali. "Sister, huku ukivamiwa unapiga nduru. Ukinyamaza utakufa pekee yako. Ukipiga, sisi wote tunakam, hata wale wa ploti ingine. Wewe kazi yako ni kuonyesha tu ni nani."

"Na nikikosea?"

"Utakosea aje na ni wewe umepiga?"

Na kweli, yule mwizi hakuna aliyemuuliza swali. Mama mboga alinyoosha kidole, na kidole kikatosha.

Mimi natoka mashariki ya Kongo. Kwetu kelele haziiti majirani, zinaita bunduki. Walipokuja kumchukua kaka yangu, mimi na mama tulikuwa stoo, nyuma ya magunia ya maharagwe. Mama aliniziba mdomo kwa kiganja, akabana mpaka meno yangu yakanikata ndani ya shavu. Tulisikia kila pigo. Kaka alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, lakini alilia kwa sauti ya kitoto. Wakampiga risasi barazani. Mama hakuondoa kiganja mpaka gari lao lilipopotea, na tulimzika bila kulia kwa sababu waliomuua walikuwa bado mtaani. Sikuwahi kumlaumu mama. Kiganja kile ndicho kilichoniacha hai. Lakini sauti yangu niliiacha mle stoo, na nilipomwagikiwa na mafuta ya maandazi mkono mzima, hapo hapo Mwihoko, majirani waligundua walipoiona bendeji tu.

Halafu yakaja maandamano ya vijana dhidi ya serikali. Shule ikafungwa. Kule Ruiru matairi yaliwaka barabarani, risasi zikalia, na upepo ukatuletea moshi wa vitoa machozi mpaka watoto wakatapika kwenye veranda. Simu yangu ilijaa picha. Nyingine zilitoka Ruiru, nyingine zilitoka mji wetu, ambako vita vilikuwa vimerudi, na mara nyingine nilimwona kijana amelala kwenye lami na shingo imefumuka nisijue kwanza ni lami ya wapi. Mwalimu mwenzangu alinipigia kunijulia hali akasema, "Lakini wewe si umezoea?" Nilitamani awe karibu nimzabe kofi. Hakuna anayezoea.

Zikaanza habari kwamba kuna wahuni wa kukodiwa wanaletwa na lori kupora maduka na kupiga watu. Duka kubwa la Ruiru lilikuwa limeshavunjwa. Polisi walikuwa barabarani na hakuna ambaye angekuja kwetu, kwa hiyo wanaume wa ploti walikaa langoni. Fundi alikata mabomba ya chuma, akamgawia kila mmoja lake. Alichomelea pia vyuma kwenye dirisha langu na akakataa malipo. "Lala poa, sister," akaniambia. "Hakuna mtu atakugusa hapa." Nilimwamini, na nililala.

Siku iliyofuata, alasiri, mtu aliruka ukuta akaangukia kamba ya nguo. Akajizonga kwenye shuka langu. Mimi nilikuwa karibu naye kuliko wote, na nilimwona vizuri: macho mekundu ya moshi, bendera ndogo imefungwa kwenye kifundo cha mkono, chupa ya maji kiunoni, kama waandamanaji kwenye picha za simu yangu. Alijitoa kwenye shuka, akainua mikono yote miwili. "Msinichape," akasema, "nimehepa tu makarao, wanatupiga risasi."

Mama mboga alikuwa anakata sukuma wiki. Alimwona mtu mgeni ndani ya ukuta, akapiga nduru, akanyoosha kisu.

Bomba la kwanza lilimpata sikioni. Lilikuwa la fundi. Sauti ya lile pigo bado ninayo, ni sauti fupi tu. "Ni goon! Ameletwa na lori!" mmoja akapaza sauti. Wakamwangukia wote. Mwanamke anayeimba kwaya kila Jumapili alimkanyaga vidole kwa kisigino, kimoja kimoja, akitafuta kile ambacho hakijavunjika. Mtu aliuliza kama kuna tairi, na mwingine akajibu kwamba liko nyuma ya choo, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kama kuna chumvi.

Nilisema, "Si goon." Nilisema kwa mdomo uliofungwa. Hakuna aliyesikia, hata mimi sikujisikia.

Wakaleta mafuta ya taa. Hapo yule kijana akaanza kulia. Alikuwa na ndevu, na alilia kwa sauti ya kitoto. Nikakisikia kiganja cha mama mdomoni mwangu. Mama alikuwa ng'ambo ya mipaka miwili, lakini kiganja kilikuwa pale pale na harufu yake ya vumbi la maharagwe, kikinibana, kikiniambia nyamaza mwanangu, nyamaza ubaki.

Nilikiuma.

Nduru iliyotoka haikuwa nzuri. Ilitoka imevunjika, ikanichubua koo, na ya pili ikafuata kabla sijavuta pumzi. Wakageuka kunitazama, bubu wa ploti. Lango likagongwa likafunguka, wakamiminika watu wa ploti ya jirani na ile ya nyuma, na marungu na panga, kama sheria ilivyo.

"Ni nani? Madam, ni nani?"

Niliinua kidole. Kikamvuka kijana aliyelala chini, kikamwelekea fundi. "Huyu. Na yule. Na huyu mama wa kwaya."

Hakuna aliyeuliza swali. Jiwe lilimpata fundi mdomoni, bomba likamponyoka. Mwimba kwaya alishikwa nywele akabamizwa ukutani mara mbili, na paji la uso likapasuka. Rungu lilimwangukia begani yule aliyebeba mafuta ya taa, mafuta yakamwagika. Niliona haya yote na sikushusha kidole. Ni mama mboga aliyewazuia, akipiga kelele kwa Kikuyu kwamba hawa ni watu wa hapa, ni majirani, mnaua watu wenu! Wakasimama wakihema, wakatazamana, kisha wote wakanitazama mimi.

Kwa muda huo hakuna aliyekuwa amesimama karibu na kijana. Nililala juu yake, na gauni langu likalowa damu na mafuta ya taa. Nilimsikia akipumua. "Mnaomtaka, anzeni na mimi," nikasema, kwa Kiswahili changu cha kitabuni ambacho huwa wanakicheka. Hakuna aliyecheka.

Fundi alitema meno kwenye kiganja chake, akayaangalia. "Sister," akasema, damu ikimtiririka kidevuni. "Ni mimi?"

"Ni wewe," nikamwambia.

Wale wa ploti ya jirani ndio waliompakia kijana kwenye pikipiki, kati ya dereva na mtu wa kumshikilia, wakampeleka hospitali. Alinusurika. Mama mboga ndiye aliyenipa habari, akiniwekea sukuma kwenye mfuko bila kuniangalia: sikio moja halisikii tena, vidole vya mkono mmoja havijikunji, lakini yuko. Wengine waliacha kunisalimia. Nikienda kwenye karo, karo linabaki langu peke yangu. Mwenye ploti alikuja, akasimama mlangoni, akakataa kuketi. "Madam, sina ubaya na wewe," akasema. "Lakini watu hawawezi lala na mtu anaweza waonyesha kidole."

Nilipata nyumba Kamenu, huko Thika. Siku ya kuhama, kitanda kilikataa kupita mlangoni. Fundi akaja na spana zake, mdomo bado umevimba, akakifungua kitanda kipande kwa kipande, akakipakia kwenye pikapu, akarudi kwake. Nilisema asante.

Jumapili hiyo nilimpigia mama. Siku hizi kwao kila mtu huongea kwa kunong'ona, hata kwenye simu, hata akisema amekula. Nilimweleza yote, kuanzia shuka hadi kitanda. Nilimwambia kwamba nilipiga kelele, mama, kwa nguvu zangu zote, mbele ya watu wenye mabomba, na nikawanyooshea kidole.

Aliniuliza jambo moja kwanza, kwa Kiswahili cha kwetu.

"Na habakukuua?"

"Hapana, mama. Walinifukuza nyumba tu."

Nikamsikia akishusha pumzi.

"Basi bale ni batu bazuri," akanong'ona. "Juu ya nini ulibaacha?"