Jiliwa Upande wa Kulia

Mwaka 2017 nilikuwa gredi ya kumi, na mtu akinisemesha mbele ya watu nilikuwa natazama viatu vyangu. Papa, yaani baba yangu, ni seremala. Karakana yake ilikuwa gereji ya nyuma ya nyumba tuliyopanga mtaa wa Bertrams. Wikendi nilimsaidia, ila randa, kile chombo cha kulainishia ubao, hakuniachia. Mimi ni wa mkono wa kushoto, na kwenye meza yake kila ubao niliojaribu ulinitoroka. Mjomba, mdogo wake mama, alisema napiga randa kama mtu anayefukuza kuku.

Kisha kanisa letu likamwagiza Papa mabenchi, akaamua kuunda meza ya pili ya kazi. Nilitamani mno iwe yangu, ila sikumwambia mtu. Tukaenda mtaa wa La Rochelle kwa muuza vyuma chakavu kutafuta jiliwa, kile chuma cha kubana ubao. Papa alipenda moja kubwa lililopakwa rangi ya bluu. Nikazungusha mpini wake. Taya likachezacheza kama jino bovu. Pembeni kulikuwa na jingine dogo, lenye kutu, lakini lilizunguka taratibu bila kuruka. Nikamvuta Papa shati, nikamwonyesha kwa kidole. Akalijaribu mwenyewe, akanitazama, akachukua hilo.

Nyumbani tulisugua kutu, tukavisha taya vibao ili chuma kisiume mbao. Papa akachora alama za bolti kwenye kona ya kushoto, pale alipofunga majiliwa yake yote tangu tulipokuwa tukiishi Bukavu. Akashika keekee.

Nikajua matundu yakishatobolewa, basi. Anayetumia mkono wa kulia husukuma randa kuelekea kushoto, na ubao unajikaza kwenye jiliwa. Mimi nasukuma kuelekea kulia, ubao unachomoka. Uzembe nilioambiwa miaka yote ulikuwa tu kosa la kona lilipofungwa jiliwa.

“Papa,” nikasema. “Ulifunge kulia.”

Mjomba akacheka. “Eish, sasa hata meza itakula kwa mkono wa kushoto?”

Papa hakucheka. Aliniuliza sababu. Nikachukua randa, nikaipitisha juu ya meza tupu kuelekea kulia, mara mbili tatu. Akautazama mkono wangu, halafu zile kona.

“Njo vile?” akauliza, yaani ndivyo hivyo.

Nikaitika. Akafuta alama za penseli kwa kidole gumba.

Mguu wa meza ulizuia jiliwa kwa chini, tukausogeza. Mataya tukayashusha kidogo chini ya uso wa meza, kisu cha randa kisigonge chuma. Bolti nilikaza mimi. Nikabana ubao wa msonobari, nikasukuma. Maranda yakatoka marefu, yamejikunja vizuri, na ubao haukutikisika hata kidogo. Nilicheka kwa sauti, mimi ambaye hata darasani sikohoi. Mjomba naye akataka kujaribu. Ubao ukamchomoka ukaangukia kiatu chake, akasema meza ina wazimu.

Papa alipitisha kiganja juu ya ubao wangu, akaupeleka mlangoni kuutazama kwenye mwanga.

“Lete ingine,” akasema.

Nikaleta. Kwenye mabenchi yale ya kanisa, kila ubao wa kukalia nimeupiga randa mimi.