Blenda na Taya la Mama

Mama yangu alivunjika taya akiwa zizini kwake Mungaa, asubuhi, wakati wa kukamua. Ng'ombe alirusha kichwa ghafla na pembe ikampata chini ya sikio. Dada yangu, anayeishi naye, alinipigia simu nikiwa darasani hapa Ikungi. Sikumbuki niliwaambia nini wanafunzi. Nakumbuka tu kwamba nilifika barabarani nikiwa bado nimeshika chaki.

Hospitalini, Singida mjini, walimfunga meno ya juu na ya chini pamoja kwa waya ili taya litulie na mfupa uunge. Daktari alinieleza kwamba kwa wiki kadhaa asingeweza kutafuna chochote. Kila anachokula kisagwe mpaka kinyweke, tena kisiwe na punje, maana punje ikinasa kwenye waya inaozea humo humo. Kisha akanipa koleo ndogo, akasema mama akianza kutapika nisihangaike kutafuta mtu, nikate waya mara moja asije akapaliwa. Niliitia kwenye mfuko wa shati, na tangu hapo sikutulia. Mama akikohoa tu, mkono wangu ulikuwa mfukoni.

Tulikubaliana akae kwangu, kwa sababu nyumbani kwake umeme haujafika na mimi nilikuwa na blenda. Tuliipata siku ya harusi yetu, na kazi yake ilikuwa kusaga maembe na parachichi, basi. Mke wangu, ambaye naye ni mwalimu, alikuwa amehamishiwa Mitundu. Kwa hiyo jikoni nilibaki peke yangu, na mama yangu yuko sebuleni, akinisikiliza nikiangusha vifuniko.

Siku ya kwanza nilipika wali, maharage, nyama ya ng'ombe na mchicha. Nikatia vyote kwenye jagi vikiwa vya moto, nikajaza mpaka juu, nikabonyeza. Visu vilizunguka kidogo vikakwama. Blenda ikanguruma, ikaanza kutoa harufu ya kuungua. Nikakoroga kwa mwiko, nikawasha tena, na mvuke ukakirusha kifuniko. Maharage yalifika mpaka kwenye pazia.

Nikampigia mke wangu. Alinisikiliza, akacheka kidogo, halafu akanielekeza. Nianze na supu chini ya jagi, visu vipate kuzunguka, ndipo niongeze vitu laini, na nyama iwe ya mwisho, kidogo kidogo, ikiwa imechemka mpaka inachambuka na kukatwa vipande vidogo. Jagi lisizidi nusu. Chakula kipoe kwanza. Nisiishikilie swichi, nibonyeze, niachie, nibonyeze tena, na mashine ikipata joto niiache ipumzike. Nilifuata kila neno, nikapata kitu laini kabisa, nikakichuja. Kilikuwa na rangi ya majivu yaliyomwagiwa maji.

Mama alivuta mara moja kwa mrija, akaweka kikombe chini. Akasema kupitia meno yaliyofungwa, polepole, ili nisikie kila neno:

"Hiki si chakula. Haya ni maji ya kuoshea sufuria."

Nilimbembeleza. Nikamweleza kwamba ndani mle mna nyama, mna maharage, mna kila kitu. Alitazama ukuta. Siku zilizofuata alikunywa uji na maziwa tu, na vikombe vyangu vya majivu vikawa vinarudi jikoni vimejaa. Alikuwa mwanamke mnene wa mikono, aliyezoea kubeba debe la maji kichwani bila kulishika. Sasa nilimwona akijifunga kanga na kuizungusha mara ya pili kiunoni. Nilikuwa nafundisha huku nafikiria nitasaga nini jioni. Wakati wa mapumziko nilikimbia nyumbani kumwangalia, na mara nyingi nilimkuta uani, anatembea kutoka ukutani hadi getini, anageuka, anarudi. Nikimwamkia shikamoo, marahaba yake ilitoka imebanwa, na hakusimama.

Nilibadilisha mbinu. Niliacha kuchanganya. Nilisaga kuku na supu yake peke yake, na tangawizi na limau. Nikasaga maharage peke yake, na kitunguu nilichokikaanga kwanza, maana kitunguu kibichi kilifanya kila kitu kiwe kichungu. Karanga nilizikaanga, nikazimenya, nikazisaga zikiwa kavu, nikikatisha mara kwa mara kuzikwangua pembeni, mpaka zikatoa mafuta yake, ndipo nikaongeza maji ya uvuguvugu. Kila kimoja kikawa na kikombe chake na rangi yake. Alikunywa supu ya kuku yote. Cha karanga akaacha nusu. Nilifurahi hata nikampigia mke wangu tena, na palepale, nikiwa bado naongea, umeme ukakatika.

Kesho yake haukurudi asubuhi wala mchana. Mama alikuwa amekunywa chai tu. Nilibeba blenda kwapani na sufuria ya kuku mkononi, nikaenda kwa kinyozi mwenye jenereta karibu na stendi. Nilimwomba soketi moja. Alinitazama, akawatazama wateja waliokuwa kwenye benchi, akachomoa mashine yake ya kunyolea. Nikasaga kuku wa mama yangu mbele ya mtu aliyekuwa amenyolewa upande mmoja wa kichwa. Nilipozima, yule mteja akaniuliza kwa upole nani anaumwa.

Niliporudi nyumbani, mama hakuwepo.

Kanga yake ya pili haikuwepo, wala ndala zake. Jirani aliyekuwa anaanua nguo aliniambia amemwona akipanda bodaboda. Sikuuliza kuelekea wapi, nilijua ni Mungaa. Kilichonijia ni koleo iliyokuwa mfukoni mwangu: yuko njiani, barabara ya vumbi na mashimo, meno yamefungwa, na koleo ninayo mimi. Nilipanda bodaboda nyingine, sufuria nimeifunga kwa kitambaa mapajani, na nilimharakisha dereva mpaka akaniambia nikiendelea hivyo atanishusha.

Nilimkuta zizini. Alikuwa amesimama karibu na ng'ombe yuleyule, anamkuna shingo. Dada yangu alikuwa pembeni, amelia. Alikuwa amepanga kumuuza mnyama yule kwa mchinjaji, na mama alikuwa ameambiwa kwa simu asubuhi ile.

"Hakunipiga mimi," mama alisema. "Alikuwa anafukuza mbwa. Mimi nilikuwa katikati."

Nilianza kumsema kuhusu safari, kuhusu waya, kuhusu kutapika. Sauti yangu ilipanda, na sikuwahi kumpandishia sauti kabla ya hapo. Aliniacha nimalize. Kisha akaniambia kwa Kinyaturu, lugha anayoitumia akitaka tuelewane kweli, kwamba mimi nilikuwa nimemkalisha kwenye kochi kama mgeni. "Mwanangu wa kiume anapika, mimi natazama ukuta," alisema. "Hata njaa imenikimbia."

Niliketi kwenye jiwe la pale zizini na sufuria yangu. Mama akafunua kitambaa, akanusa, akauliza nilitia chumvi lini.

Dada aliahidi ng'ombe hatauzwa, na mama akakubali kurudi Ikungi, kwa sharti kwamba yeye ndiye atapika na mimi nitabonyeza tu. Tukaishi hivyo. Alimchagua kuku mwenyewe sokoni, akichungulia chini ya mabawa. Alichemsha nyama na mifupa, akaitoa mifupa kabla hajaniita. Alitaka mlenda, na mlenda una majani yanayonasa kwenye meno, basi akaukausha juani, nikausaga ukiwa mkavu mpaka ukawa unga, nikauchekecha, akaupika na karanga zilizosagwa na tone la mafuta ya alizeti. Ugali wa uwele aliupika mwepesi kama uji, nikausaga pamoja na maziwa ya mgando. Aliyajua mambo ya jiko, mimi nilijua mashine, na tulibishana kila siku. Alinishika mkono nilipotaka kuongeza maji. Nilimzuia alipotaka kutia vitu vya moto. Nilikuwa bado nawaza kila anapokohoa, ila kanga yake ilirudi kuzungushwa mara moja.

Siku waya zilipotolewa hospitalini, alifungua mdomo kidogo sana, akaugusa kwa vidole kana kwamba ni wa mtu mwingine. Taya limepinda kidogo upande wa kushoto hadi leo. Daktari alimtaka aendelee na vyakula laini kwa muda, akaitikia kwa adabu. Hatukurudi Ikungi. Alitaka twende moja kwa moja Mungaa, na nikampeleka.

Wiki ile nilimpigia dada kila jioni. Aliniambia mama anakula mahindi ya kuchemsha, anayapukuchua kwa kisu. Nilikasirika, nikamtaka mama mwenyewe kwenye simu. Akaja, na sauti yake ilikuwa wazi, kubwa, haijabanwa na chochote. Nilimkumbusha maneno ya daktari. Aliniuliza mke wangu anarudi lini kutoka Mitundu. Nikasema sijui. Akasema basi niendelee kupika, kisha akampa dada simu, kwa sababu ndama alikuwa ameingia shambani.