Niliujaza Ukimya wa Mwalimu Wangu

Kosa ni langu, wala sitaki mtu anitetee. Nimejikasirikia mpaka nimewachosha watu wa nyumbani, sasa nawachosheni nyinyi.

Mwalimu wangu ni Mhindi mzaliwa wa Tanga. Alipelekwa India akiwa mtoto kusomea uimbaji wao wa kale, akaimba redioni na kwenye kumbi kubwa, kisha ndoa ikamleta Bowie, huku Maryland, Marekani. Mimi ni mtunza wazee wa Temple Hills, mwanafunzi wake pekee Mswahili. Miaka mitatu, kila Jumamosi, naimbishwa noti ile ile ya kwanza! Nikishachoka, napewa tanpura, ile ala ndefu ya nyuzi nne inayovuma nyuma ya mwimbaji. Nikiomba wimbo, ananiambia, "Bado, mwanangu. Jifunze kungoja kwanza."

Nilichoka jamani!

Mwezi wa nne akaalikwa kuimba Arlington, upande wa Virginia, baada ya miaka mingi ya kusahaulika. Umri ulikuwa umempunguzia pumzi, lakini mama yule alikigeuza hata kile kilema kuwa ufundi. Anapandisha sauti taratibu, anaikata, ananyamaza. Nyuzi zangu zinavuma peke yake, watu roho juu, ndipo anarudi na sauti ile ile alipoiacha. Amri kwangu ilikuwa moja tu: nisifungue mdomo mpaka anigeukie.

Nami nikawaalika mashoga zangu! Wakati wa mapumziko mmoja wao, Zuhura, akanivuta kando.

"Shoga, ndiyo nini hii? Tumedraivu mpaka Virginia kukuona unakwaruza nyuzi? Hata kuitikia huitikii?"

Maneno yale yaliniwasha. Kwetu kwenye taarabu, mwimbaji akinyamaza waitikiaji wanapokea. Lakini sisemi uongo, nilijua fika kwamba pale si kwenye taarabu. Baada ya mapumziko, mwalimu alipofika juu kabisa akanyamaza, nikapokea. Kwa sauti yangu yote! Mashoga wakapiga vigelegele.

Mwalimu hakugeuka. Alijaribu kupanda tena, sauti ikamkwama, akaumaliza wimbo haraka haraka. Alipigiwa makofi ya adabu tu. Zuhura alirekodi yote kwenye kaseti, akadhani ananipa zawadi. Niliisikiliza mara moja nikaizima kwa aibu.

Jumamosi nikaenda na sahani ya visheti. Mahali pangu pa kukaa nikakuta kisanduku cha umeme, kile kinachovuma kama tanpura ukikiwasha. Nikamwomba radhi huku nalia.

"Nimekusamehe, mwanangu," akasema. "Lakini hiki hakina marafiki ukumbini."

Akakiwasha, akafumba macho, akaanza kuimba. Niliweka sahani mlangoni nikaondoka.

Siku hizi nikimwogesha mzee ninayemtunza huwa naishika ile noti ya kwanza, mpaka ananiuliza wimbo wenyewe utaanza lini. Wewe unayeambiwa "bado" ukaona unaonewa, tulia hapo hapo ulipo! Mimi leo ningeipokea "bado" ile kwa mikono miwili, hata asiwepo wa kunipigia kigelegele kimoja.