Kinyozi Aliyekata Waya wa Kaka Yake

Saa moja asubuhi, kinyozi anasukuma mlango wa saluni kwa bega, maana mkono mmoja umeshika ndoo ya maji na mwingine umekumbatia taulo. Anawasha mashine ya kunyolea, anaisogeza sikioni na kusikiliza. Ikinguruma sawasawa anaiweka mezani. Ikikwaruza, anaidondoshea mafuta kidogo na kuisikiliza tena.

Mteja wa kwanza ni mwalimu mwenye haraka zake. Anakaa, anafungwa shuka shingoni, anainua macho darini na kuuliza lile swali ambalo hakuna anayekalia kiti kile asiyeliuliza.

"Hii ndege inaruka kweli au ni pambo tu?"

"Inaruka," kinyozi anajibu. "Hebu inamisha kichwa."

Ndege yenyewe inaning'inia kwa kamba za nailoni juu ya kioo. Mabawa yake ni marefu kuliko kioo, mkia ni mwekundu, na tumboni ina utepe mweupe pale ilipowahi kupasuka. Kwa sababu yake mtaa mzima unamwita kinyozi huyu Rubani. Wachache sana wanajua kwamba rubani wao hajawahi kuiongoza hata siku moja. Aliyekuwa akiishika rimoti ni kaka yake, na kaka yake ni marehemu.

"Tulianza na betri za redio," anasimulia huku wembe ukipita taratibu nyuma ya sikio la mwalimu. "Baba alikuwa hakosi taarifa ya habari. Betri zikichoka anatupa sisi, tunazianika juu ya bati. Zikipata jua la kutosha zinaamka kidogo. Basi kwa hicho kidogo, ndugu yangu, tulikuwa matajiri."

Mota waliing'oa kwenye redio kaseti iliyokufa. Pangaboi walilikata kwenye kopo la maziwa, na mwili wa ndege ukawa boksi la viatu. Haikuruka. Ilikimbia sakafuni, ikagonga mguu wa kitanda na kulala ubavu. Kaka akasema ni suala la uzito tu, wakapunguza uzito, ikagonga mguu wa kitanda kwa kasi zaidi.

"Kazi tuligawana tangu hapo," anasema, na sasa anatabasamu peke yake kwenye kioo. "Mtu wa kuirusha kwa mkono ni mimi. Mtu wa kuiongoza ni yeye. Hata kabla hatujawa na cha kuongozea."

Walikua, kila mmoja akashika njia yake. Mdogo akawa kinyozi. Mkubwa akapata kazi ya kutengeneza kompyuta za maofisini, na kidogo kidogo akakusanya vifaa vya ndege ya kweli kweli: rimoti, mota isiyo na kelele na betri za kisasa. Jumapili walikutana kwenye kiwanja cha mpira kabla wachezaji hawajafika. Mdogo anakimbia na ndege mkononi, anaiachia, kisha anasimama na kushika kiuno akiitazama inavyozidi kuwa ndogo angani. Anasema duniani hakuwa na raha kushinda ile.

Betri hizo za kisasa si za kuanikwa. Ni bapa, zimefungwa kwenye plastiki laini kama kipande cha sabuni, na zina nguvu ya ajabu kwa ukubwa wake. Zikijazwa vibaya huvimba, na zikivimba zinaweza kuwaka moto usiozimika kwa kikombe cha maji.

"Hizi ukizianika juu ya bati," kinyozi anasema, "unawaanikia zimamoto."

Chaja yake nayo haichomekwi ukutani moja kwa moja. Katikati lazima pawe na kisanduku cha kuushusha umeme mkali wa ukutani hadi kiasi ambacho chaja inaweza kukimeza. Mafundi hukiita pawasaplai. Chaja ya kaka ilitaka volti ishirini na nne, na visanduku vya kompyuta kuukuu alivyoviokota stoo ya ofisi vilitoa kumi na mbili kila kimoja. Akaviunga viwili pamoja, katikati akaweka kipande cha mbao, nje akavifunga kwa mkanda mweusi. Ndugu hao wakaliita boksi lile Mapacha.

Mapacha aliishi kwenye banda nyuma ya nyumba ya kaka, na humo bandani mdogo mtu alikuwa haingii.

"Nafika mlangoni tu, naambiwa, 'Kaa hapo hapo. Usiguse.' Yeye amesimama juu ya ubao, kavaa kandambili za mpira, kama bwana shamba. Mimi mtu mzima, nina mke na mtoto, nasimamishwa mlangoni kama mdai. Iliniuma. Nilikuwa najisemea, kaka anaona nitamharibia mambo yake. Au hataki nijue."

Hakumwambia. Alilimeza, likakaa rohoni kwa miaka, mpaka kaka akaugua na kuondoka kabla halijasemwa.

Baada ya matanga, mjane wa kaka alimwita. "Shemeji, njoo uchukue vitu vya kaka yako," alimwambia. "Mimi nikiviona nalia, na watoto wakiniona nalia wanalia." Kinyozi akabeba ndege, chaja, betri na Mapacha. Ndege ilipata nafasi saluni. Mapacha akapelekwa nyumbani.

Nyumbani kwake ni vyumba viwili na kibaraza cha saruji. Mkewe ni fundi cherehani na sebule ndiyo karakana yake. Kuna vitambaa kwenye kochi, vitambaa kwenye viti, sare za shule zimening'inia mlangoni, na gauni la bibi harusi limefunikwa shuka nyeupe lisiguswe na vumbi. Katikati ya vyote hivyo, juu ya kabati, kinyozi akamketisha Mapacha.

Hakujaza betri yoyote. Moyo haukumpa. Lakini jioni, akishaoga, alikuwa analichomeka boksi kwenye ekstensheni na kuliwasha hivi hivi, bila kazi.

"Lina feni mbili ndani," anaeleza. "Zinavuma, moja juu kidogo ya mwenzake. Nikifumba macho kaka yuko mle bandani anapiga mluzi. Nilikuwa nasikiliza dakika kadhaa, nazima, napata usingizi."

Mkewe alikuwa anajua, na alinyamaza. "Mwanamume anayelia ndani kwa ndani unamwacha apate pa kupumulia," anasema mama huyo nyumbani kwake, sindano ikiwa mdomoni na futi ya kupimia shingoni. "Nilisema ni feni tu, haitudhuru."

Hadi siku alipokuwa anafuta vumbi kwa kitambaa kibichi, boksi likiwa limewashwa, akaligusa.

"Mkono ulikufa ganzi mpaka begani. Nikakaa chini. Nikatazama kitambaa kilipoangukia, kiko juu ya gauni la watu." Anaitoa sindano mdomoni. "Alivyorudi nilimwambia kwa upole kabisa. Nikamwambia, baba watoto, ama hilo boksi litoke, ama mimi na cherehani yangu tutoke. Uchague kabla chai haijapoa."

Kinyozi alichukua chai, na hakuchagua. Kwake halikuwa boksi. Akilitoa, ile sauti ya jioni inatoka nalo, na hapati nyingine popote. Akiliacha, anamwacha mkewe na binti yao walale na kitu kinachong'ata. Siku iliyofuata alilifunga kwenye taulo la saluni na kulipeleka kwa fundi redio mtaa wa pili, mtu aliyewahi kufanya kazi na kaka yake. Anakiri kwamba alikwenda akitaka kuambiwa haya ni mambo madogo.

Fundi redio alilifungua na kuzifuata waya moja moja. Kisha akamwonyesha kwa ncha ya bisibisi. Waya ya ardhi, ile inayoupeleka umeme uliopotea chini badala ya kuupitisha mwilini mwa mtu, ilikuwa imekatwa na kuviringishwa utepe kwa unadhifu mkubwa.

"Hii haikukatika," fundi alisema. "Imekatwa. Huwezi kuunga visanduku viwili vya namna hii bila kuikata, vinapigana cheche. Ni ujanja wa watu wa kompyuta. Na huko kwako umelichomeka boksi kwenye ekstensheni isiyo na ardhi. Bati zima la boksi linakuwa halina pa kumwaga umeme, isipokuwa kwa atakayeligusa."

Kinyozi alipandwa na hasira. "Kaka amejazia betri humu miaka na miaka. Mbona hakufa kwa umeme?"

"Kaka yako alikuwa anajua asiguse wapi," fundi alimjibu. "Wewe unajua? Shemeji yangu, huyo mkeo, anajua?"

Hapo kinyozi anasimulia polepole, na mashine ya kunyolea ameizima. Anasema aliona banda lote kwa mara moja: ule ubao chini ya miguu, zile kandambili za mpira, ule mkono ulionyooshwa kumzuia mlangoni.

"Nilidhani ananinyima. Kumbe ananilinda. Miaka yote ile nimemnunia mtu ambaye ananilinda." Anajifuta macho kwa kona ya taulo na kusingizia nywele. "Kaka naye alikosea, nisimsifie mno. Angesema. Neno moja tu, 'hiki kinaua,' ningeelewa. Lakini ndivyo tulivyokuwa, watu wa kuamriana."

Fundi redio hakumuuzia kitu siku ile. Alimweleza cha kutafuta. Kisanduku kimoja, si viwili vilivyoungwa, kinachotoa volti ishirini na nne chenyewe. Nguvu yake ipite ile inayotakiwa na chaja kwa kiasi cha kutosha, kisifanye kazi kikihema. Kiwe na plagi ya miguu mitatu, feni, fyuzi, na kifuniko mahali waya zinapofungwa ili kidole cha mtoto kisipenye. Na akipewa chepesi kama boksi la biskuti huku kimeandikwa nguvu za kuendesha kinu, akirudishe alikokitoa.

Alikipata kwa pesa aliyoipata kwa kunyoa karibu wiki nzima. Akarudi nacho nyumbani akitembea kifua mbele, akataka kukichomeka pale pale kabatini. Fundi, aliyekuwa amefuatana naye na mita yake ya umeme mfukoni, akamwambia angoje. Akapima soketi za sebuleni. Zote zilikuwa na matundu matatu, na tundu la tatu ukutani halikwenda popote.

"Plagi ya miguu mitatu kwenye soketi ya uongo ni sawa na ile iliyokatwa," fundi alisema. Ikabidi mwenye nyumba abembelezwe, fundi umeme aitwe, waya ivutwe mpaka kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini uani. Soketi ikawekwa kibarazani, juu ya saruji tupu, mbali na kitambaa chochote. Mke wa kinyozi ndiye aliyepachagua hapo, na hakuna aliyembishia.

Akabaki Mapacha. Fundi redio alijitolea kumchukua kwa ajili ya vipuri. Jirani mmoja akamtaka awashie taa za kuku. Kinyozi akawakatalia wote wawili. Kwa fundi hakutaka kaka yake agawanywe vipande, na kwa jirani, sasa alikuwa anajua. Jumamosi moja alikaa kibarazani, akaliweka boksi magotini, akaliwasha mara ya mwisho na kusikiliza zile feni mbili. Mkewe alisimama mlangoni. Akalizima, akachomoa plagi, akachukua koleo na kukata waya karibu kabisa na bati, mtu yeyote asije akalichomeka tena.

"Nimezika mara mbili," anasema akiwa nyumbani, mkewe akimsikia. "Mara ya kwanza nilikuwa na watu wa kunishika mkono. Hii ya pili ilikuwa koleo tu."

"Mimi nilikuwepo," mkewe anamsahihisha.

"Ulikuwepo," anakubali.

Jioni ya leo saluni imefungwa mapema. Kibarazani, betri imelala juu ya kigae, ndoo ya mchanga iko pembeni, na kisanduku kipya kinavuma kwa feni moja isiyofanana na kitu chochote anachokikumbuka. Betri inayojazwa haiachwi peke yake, kwa hiyo familia nzima imekaa nje. Mkewe anapindua pindo la suruali. Binti yao amechuchumaa karibu na chaja akinyoosha kidole.

Kinyozi anamshika mkono, lakini hamfukuzi. Anampitishia kidole hewani, waya hadi waya, akimtajia moja moja: hii ukiigusa hakuna neno, hii ikivimba mwite baba, hii usiiguse, na sababu yake ni hii. Binti anauliza sababu mara mbili. Anaelezwa mara mbili.

Kesho ni Jumapili. Ndege itashuka kutoka saluni na kupelekwa kiwanjani, na kwa mara ya kwanza rimoti itakuwa mikononi mwa kinyozi. Amefanya mazoezi kwa kumwangalia kijana wa duka la simu kwenye video, jambo ambalo mkewe analiona si mazoezi. Mpango wake wa baadaye, anasema, ni binti yake aiongoze. Kwanza yeye mwenyewe aweze kuitua bila kuivunja.

"Naogopa," anasema wazi. "Ikivunjika hii, sina kitu kingine alichokitengeneza kwa mkono wake."

Halafu kuna suala la mtu wa kuirusha, maana aliyekuwa akiirusha sasa ndiye anayeongoza. Amelizungukia jambo hilo tangu asubuhi, na hatimaye analisema, macho yakiwa kwenye taa ya chaja.

"Mama watoto, kesho utakimbia nayo?"

Mkewe anakata uzi kwa meno na kuikunja ile suruali kabla ya kumjibu.

"Nitakimbia," anasema. "Ila unifundishe sasa hivi niishike wapi."