Kahawa Iliiva Wakati wa Matanga

Jana mdogo wangu wa mwisho, aliye kidato cha pili, alikuja na daftari lake nikiwa nachambua maharage. "Dada, *hit the ground running* ni kukimbia gani huku?" Nikamwambia sijui, shule niliiacha kabla ya kufika huko. Akacheka, akanisomea: ni mtu anayeingia kwenye kazi mpya na kuichapa kwa kasi tangu dakika ya kwanza, bila kuomba muda wa kuizoea. Mwalimu anasema ni sifa. Akaenda kutunga sentensi yake juu ya meneja mpya.

Mimi nikabaki na Juni moja ya zamani. Wewe uliyekulia Mbozi unaijua: ukungu, baridi, maganda ya kahawa yanayochacha nyuma ya nyumba. Baba alikuwa ametangulia, na Juni hiyo tukamzika mama. Nilikuwa na miaka kumi na minne, huyu wa mwisho bado anatambaa. Kwetu, matanga yasipoanuliwa, hakuna anayegusa shamba la marehemu. Tukakaa, na kahawa nyekundu ikaanza kudondoka.

Shangazi aliyetoka Kamsamba akatangaza kwamba anawachukua wadogo zangu wote wawili. "Hapa watakula nini? Maganda ya kahawa?" Wanawake jikoni wakacheka. Kesho yake asubuhi nikachukua kikapu nikaingia shambani.

"Binti hana haya huyu! Udongo wa mama yake haujakauka!"

"Kahawa nayo inaisha, shangazi."

Iliyochumwa humenywa siku hiyohiyo, ikilala inaharibika. Mchana nikazungusha mashine ya mkono mpaka viganja vikachubuka, waombolezaji wakinitazama. Hatimaye baba mdogo, msimamizi wa msiba, akavua koti, akashika mpini. "Watoto watabaki," akamwambia shangazi bila kugeuka. "Wana mtu."

Siku hizi msiba ni siku mbili, watu wameshapanda magari. Mibuni mingi tumeng'oa, tumepanda parachichi. Baba mdogo naye hayupo. Mgongo wangu unajua miaka yote hiyo.

Juni ile, matanga yalipoanuliwa, shangazi alirudi Kamsamba peke yake, nami nikalala na nguo za shambani kwa furaha. Shule zilipofunguliwa, nilikuwa katikati ya mibuni. Wenzangu wakapita barabarani na sare zao, wakaniita. Niliwapungia mkono, kama mtu anayesindikiza wageni.