Aliyeosha wolfram Kalehe sasa huchagua visu vya theluji Minnesota

Saa moja na nusu asubuhi, lori la rangi ya machungwa linaingia kinyumenyume katika karakana moja mjini Savage, kusini mwa Minneapolis. Theluji iliyoganda juu ya matairi inadondoka sakafuni mapande mapande. Pascasie Uwimana hamsubiri dereva ashuke. Anavua glovu ya mkono wa kulia, anachuchumaa mbele ya bamba kubwa la kusukumia theluji na kupitisha kidole gumba kwenye makali yake ya chini, polepole, toka kushoto kwenda kulia.

Kidole kinasimama karibu na mwisho.

"Hapa umegonga nini?" anauliza.

Dereva, mama wa makamo aitwaye Lois, anacheka huku akifungua koti. "Sijagonga kitu."

"Umegonga, Lois. Kisu kikilika kwa kusugua kinakuwa laini kama sabuni iliyokwisha. Hapa pana pembe. Pamemeguka."

Lois anakuna kichwa, kisha anakumbuka. Ilikuwa Jumanne, kwenye maungio ya daraja. Aliona mtikisiko mdogo tu, akaendelea na safari.

"Mtikisiko mdogo," Pascasie anarudia, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anatabasamu. "Vizuri. Ndivyo nilivyotaka."

Katika majimbo ya baridi kama Minnesota, theluji huanza kuanguka Novemba na huweza kuendelea hadi Aprili. Malori huisukuma kwa bamba refu la chuma, na chini ya bamba hilo hufungwa kisu, kinachogusa barabara kama kile cha greda. Kisu cha chuma kitupu huweza kuisha kwa siku chache za kazi nzito. Ndiyo maana wengi hutumia visu vilivyopachikwa vipande vya kabidi, kitu kigumu kinachotengenezwa kwa madini ya tungsteni.

Ila kabidi ina tabia yake. Hustahimili kusuguliwa, lakini ikipigwa dafrao hupasuka kama sahani. Hapo ndipo umbo la vipande linapokuwa na maana, na hapo ndipo kazi ya Pascasie, mwenye umri wa miaka 43, inapoanzia.

"Mteja akija ananieleza habari za lori lake," anasema. "Namwambia, lori baadaye. Kwanza nieleze barabara."

Kwa lami iliyonyooka, huchagua vipande vyenye ncha bapa. Kwa changarawe na barafu iliyoshindiliwa, huchagua kisu chenye meno. Mitaa yenye mifuniko ya chemba, reli na madaraja huipa vipande vyenye ncha ya mviringo, ambavyo havina pembe ya kuvunjika kwa urahisi.

Hakuyasoma hayo darasani.

Pascasie alizaliwa katika vilima vya Kalehe, mashariki mwa Kongo. Mama yao alifariki yeye akiwa na miaka tisa, akabaki mikononi mwa dada yake, Uwamariya, aliyekuwa na miaka kumi na minne. Wanaume walichimba. Wasichana wale wawili waliponda mawe na kuyaosha mtoni, wakitenganisha udongo na mchanga mweusi, mzito, ambao wachuuzi waliununua kwa vikopo.

"Tulikuwa tunaita wolfram. Hatukujua inakwenda kufanya nini," anasimulia. "Yaya alisema labda huko Ulaya wanatengenezea vijiko." Yaya ndilo jina ambalo Wakongo wengi humwita ndugu aliyewatangulia kuzaliwa.

Wolfram ndiyo tungsteni. Pascasie alikuja kulijua hilo akiwa Savage, alipomuuliza meneja wake, Harrison, kabidi inatoka wapi. Harrison alimtafutia picha ya jiwe kwenye simu. Pascasie aliitazama, akamrudishia simu, akaenda kukaa peke yake kwenye chumba cha kulia chakula.

"Siwezi kujua kama hii ya hapa imetoka kwetu. Dunia ina wolfram nyingi," anasema. "Lakini siku hiyo sikuweza kula."

Vita viliwatoa Kalehe mwaka 2008. Mume wa Pascasie alifia njiani, na hilo hapendi kulizungumzia zaidi. Yeye, mtoto wake mchanga Héritière, na Uwamariya walifika kambi ya Nakivale, Uganda, wakajenga nyumba moja ya udongo. Walilala kitanda kimoja, mtoto katikati.

Miaka sita baadaye jina la Pascasie likatoka kwenye orodha ya wanaokwenda Amerika. La dada yake halikutoka, kwa sababu kila mtu mzima alikuwa na faili lake. Waliambiwa pengo lingekuwa miezi sita, labda mwaka.

"Alinifungia mzigo yeye mwenyewe," Pascasie anasema. "Nikawa nalia, na yeye ananigombeza kwamba nakunja nguo vibaya."

Alifika Saint Paul Novemba 2014. Kazi ya kwanza aliyopata, katika karakana hii ya Savage, ilikuwa kuchambua visu vilivyochakaa ili kabidi yake irudishwe kiwandani, kwa dola kumi na nusu kwa saa. Wenzake walivitupa kwenye pipa bila kuvitazama. Pascasie alivipanga sakafuni kwa barabara vilikotoka: huku vilivyolika sawasawa, kule vilivyovunjika.

"Nilidhani anapoteza muda," anakiri Harrison. "Wiki ya tatu nikapita pale, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa miaka kumi na minane. Visu vya mji mmoja vyote vilivunjika upande wa kulia."

Mji huo ndio wa Lois. Januari 2017, akiwa katika mwendo wa maili ishirini na tano kwa saa, kisu chake kiligonga mfuniko wa chemba ulioinuka juu ya lami. Lori zito lilisimama ghafla. Lois akavunjika mfupa wa bega.

Mwezi huohuo, Uwamariya alikuwa na tarehe ya safari mkononi. Vipimo vilikamilika, na jirani alikwisha kununua sufuria zake. Kisha serikali ya Amerika ikasimamisha safari za wakimbizi, na tarehe ile ikapita.

Pascasie alikuwa amekwisha kuandaa chumba. Koti alilinunua katika duka la mitumba Anoka, akikadiria mabega ya dada yake kwa mabega yake mwenyewe. "Niliporudi nyumbani siku hiyo nilifunga mlango wa kile chumba," anasema. "Nikaona heri nifanye kazi."

Mji wa Lois ulipotaka visu vipya, Harrison alipendekeza vya ncha bapa, vinavyodumu kuliko vyote. Pascasie alikataa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumpinga mbele ya mteja.

"Vinadumu mahali ambapo havigongi kitu," alimwambia. "Bega la huyu mama limegonga."

Jumamosi moja ya kiangazi, yeye na Lois waliitembea njia yote ya lori kwa miguu. Walihesabu mifuniko sitini na mmoja, karibu yote upande wa kulia. Pascasie akachagua vipande vifupi vyenye ncha ya mviringo, kila kimoja kikiwa kimekaa juu ya mpira ili kikigonga kitu kiinuke peke yake bila kuburuza bamba zima.

"Vikivunjika, jina lako ndilo litatajwa," Harrison alimwonya.

Misimu miwili imepita. Hata Februari hii ya 2019, ambayo theluji ilianguka karibu kila baada ya siku mbili, hakuna kisu kilichosimamisha lori katika mji ule. Sasa Pascasie analipwa dola kumi na tisa kwa saa, na madereva kutoka Plymouth humpigia simu kabla ya kuagiza.

Jumapili mchana ni zamu ya simu ya Nakivale. Majuma mawili yaliyopita, wakiwa katikati ya maongezi, lori la theluji lilipita mtaani. Uwamariya akauliza ni kelele gani ile.

"Ni kisu, Yaya," Pascasie alimjibu. "Ile wolfram yetu ndiyo inakwangua barabara."

"Kumbe lile jiwe lilifika Amerika," dada yake akasema. "Mimi bado."

Pascasie akisimulia hayo anavaa tena glovu yake, ingawa hakuna kazi mezani. Sebuleni kwake, binti yake Héritière, sasa mwenye miaka kumi na moja, huelewa kila neno la Kiswahili na kujibu kila neno kwa Kiingereza.

Januari, Uwamariya aliitwa tena kupimwa afya, kwa mara ya tatu, kwa kuwa vipimo vya awali vilipitwa na muda. Hajapewa tarehe. Pascasie ana siku kumi za likizo alizokataa kuzichukua tangu mwaka juzi, na Harrison amekubali zikae hadi zitakapohitajika.

Watu humuuliza atamwonyesha nini mgeni wake, maporomoko au majengo marefu.

"Sitamwonyesha kitu," anasema. "Nataka siku ya kwanza mimi nipike, yeye aonje, aseme nimezidisha chumvi. Anigombeze mpaka achoke. Tangu nifike huku, hakuna mtu aliyewahi kunigombeza kwa Kiswahili."